Salme na Ruete: nyumba moja, Hamburg, 1867 hadi 1870

Ukipita Mji Mkongwe, Unguja, ukamuuliza mtu anayetembeza wageni habari za Bibi Salme, utasimuliwa mambo matatu: mapaa mawili yaliyotazamana, mimba, na manowari ya Waingereza. Hadithi inaanzia juu ya paa na kuishia baharini. Kilichobaki, yaani karibu miaka 58 ya maisha yake, hupewa sentensi moja tu: akaenda zake Ujerumani na mumewe.

Mimi nataka kuanzia kwenye hiyo sentensi moja. Maana kutoroka ni jambo la usiku mmoja. Kazi inakuja baadaye, pale wawili hao wanapofika, mizigo ikashushwa, wageni waliokuja kuwapokea wakaondoka, na kesho yake asubuhi bwana akavaa kofia akaenda ofisini. Bibi anabaki. Anafanya nini? Anazungumza na nani? Anakula nini? Mtu akigonga mlango, anamwambiaje?

Maswali haya yanaonekana madogo, lakini ndiyo yaliyomfanya Salme awe mwandishi. Naamini hivyo, na ningependa msomaji aniruhusu nieleze kwa nini.

Kwanza tuyamalize haraka yanayojulikana. Seyyida Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Mtoni, binti wa Seyyid Said bin Sultan na suria wake Jilfidan, mwanamke wa Kicherkesi. Baba alifariki 1856 akiwa safarini baharini, mama akafariki kwa kipindupindu 1859. Binti huyu alijifundisha kuandika mwenyewe, kwa siri, akinakili maandishi ya msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia, kwa sababu mabinti wa ikulu walifundishwa kusoma tu. Kalamu ile ndiyo iliyomponza. Mwaka huohuo wa 1859 ndugu yake Barghash alipopanga njama ya kumwondoa kaka yao Majid kwenye kiti, aliyekuwa anaandika barua za wapanga njama alikuwa Salme, msichana wa miaka 15. Njama ikashindwa, Barghash akapelekwa Bombay, na Salme akajikuta katikati: kwa Majid alikuwa msaliti aliyesamehewa, na alipopatana na Majid, upande wa Barghash nao ukamwona msaliti.

Kwa hiyo alipoanza kuzungumza na jirani wa Kijerumani, alikuwa mtu mpweke ndani ya familia yenye watu wengi ajabu. Hili husahaulika na wale wanaosimulia kisa cha mapaa kana kwamba ni mapenzi na hakuna kingine.

Jirani mwenyewe alikuwa Rudolph Heinrich Ruete, mzaliwa wa Hamburg wa 1839, wakala wa kampuni ya Hansing. Wafanyabiashara wa Hamburg walikuwa wameshazoea Unguja. Walinunua karafuu, pembe, ngozi na sandarusi, na zile kauri za pwani walizisafirisha kwenda kuuza Afrika Magharibi, ambako zilitumika kama fedha. Tangu 1859 miji yao ilikuwa na mkataba wa biashara na Sultani. Mtu wa kazi kama hiyo hakuweza kuishi bila Kiswahili. Ruete alikijua. Naomba jambo hili tulishike, tutalihitaji.

Usiku wa tarehe 24 Agosti 1866, katika shamrashamra za Siku ya Mwaka, wakati wanawake wa mjini wanashuka pwani kuoga, Salme naye alishuka pwani. Manowari Highflyer ya Kapteni Pasley ilimpeleka Aden. Huko alikaa miezi tisa kwa familia ya Kihispania aliyoifahamu tangu Unguja, akimsubiri Ruete amalize shughuli zake za biashara. Mtoto wa kiume akazaliwa Desemba. Tarehe 30 Mei 1867 Ruete alikuwa ameshafika, na siku hiyo moja Salme alibatizwa, akapewa jina la Emily, na akaolewa. Dini, jina na ndoa, vyote kabla jua halijazama. Kisha wakapanda meli kuelekea Ulaya.

Mtoto hakufika. Alifia njiani, Ufaransa, kiangazi hicho hicho.

Sasa hebu fikiria nyumba inayoanza namna hiyo. Wawili wanaingia Hamburg mwezi Juni na watu wa mjini wanatoka kumtazama binti wa Sultani. Wanatazama nguo, nywele, rangi. Nani kati yao alijua kwamba wale wawili wametoka kuzika? Kwenye kumbukumbu alizochapisha mwaka 1886, kitabu kilichompa umaarufu, mtoto huyu hatajwi hata mara moja. Anaruka tu, kama mtu anayeruka ngazi iliyovunjika kwenye nyumba aliyoizoea. Wapo wahakiki wanaosema alificha kwa sababu ya aibu ya mimba ya kabla ya ndoa, na kwa wasomaji wa Ujerumani ya karne ile hilo linaeleweka. Lakini mimi nikisoma naona kimya cha namna nyingine pia. Kuna mambo ambayo mtu hayaandiki kwa sababu akiyaandika atasimama hapo asiweze kuendelea.

Walikaa Uhlenhorst, kando ya maji ya Alster, kwenye mtaa unaoitwa Schöne Aussicht, yaani Mandhari Nzuri. Na kweli ni mandhari nzuri, hata leo: maji mapana, miti, mashua. Aliyezaliwa Mtoni, jumba lililojengwa ufukweni kiasi kwamba meli zilionekana madirishani, asingeweza kuomba mahali panapofanana zaidi. Tatizo ni kwamba maji ya Alster huja yakaganda, na watu wakatembea juu yake.

Salme ameyaandika maisha ya nyumba hii kwenye maandishi yake ya pili, ambayo hayajulikani sana kwetu: barua alizoziita Barua kwa Nyumbani. Tutarudi kwenye barua zenyewe. Kwa sasa nataka tuangalie anavyoiona Hamburg, maana hapo ndipo anapopendeza kusoma.

Jambo la kwanza linalomsumbua ni milango. Nyumba ya Unguja ilikuwa na lango kubwa la nakshi, ndiyo, lakini ukishaingia ndani kulikuwa na ua, veranda, ngazi, hewa, watu wanapanda, watu wanashuka, kelele tangu alfajiri. Hamburg kila chumba kina mlango wake na kila mlango umefungwa. Dirisha nalo limefungwa, kwa sababu ya baridi. Alihisi amewekwa kifungoni. Mtu wa pwani atalielewa hili haraka kuliko maelezo yoyote ya nadharia: kwetu baraza ni sehemu ya nyumba, na nyumba isiyokuwa na mahali pa kukaa ukaonana na wapita njia ni ghala.

Halafu ugeni. Huku mtu anakuja tu, anapiga hodi, anakaribishwa, analetewa kahawa. Kule mgeni hualikwa kwa tarehe na saa, na asiyealikwa haji. Kwa hiyo mke mpya asiyemfahamu mtu anaweza kukaa siku nzima bila kuona uso, ila wa mtumishi, na huyo mtumishi hamwelewi anasema nini.

Chakula kilikuwa vita kamili. Alikuwa amebatizwa, lakini tumbo halikubatizwa. Kila sahani ya nyama ilimtia wasiwasi kwamba imeguswa na nguruwe au mafuta yake, na kwenye meza za watu usingeweza kuuliza. Katika karamu alizoalikwa kwa heshima, mwalikwa mkuu alikuwa anarudi nyumbani na njaa.

Na mavazi! Mtu aliyelelewa kuufunika uso wake kwa barakoa anapelekwa kwenye dansi, na huko anakuta wanawake wa heshima, wake za wafanyabiashara wakubwa, mabega wazi, shingo wazi, wanazungushwa ukumbini mikononi mwa wanaume wasio waume zao. Anaeleza mshangao wake bila matusi, lakini msomaji anaona wazi kwamba aligeuza meza. Waliokuja kumtazama yeye kama kioja, yeye ndiye anayewatazama sasa. Nimesoma vitabu vingi vya Wazungu waliokwenda Afrika wakaandika tabia za wenyeji. Hivi vya Mswahili aliyekwenda Ulaya karne ileile akaandika tabia za wenyeji wa huko ni vichache mno, na cha mwanamke sikijui kingine.

Kuna jambo moja ambalo naliongeza mwenyewe, halimo kwenye maandishi yake. Sisi tunahesabu saa kwa jua. Saa moja ni jua limechomoza, saa kumi na mbili ni jua linazama, na mwaka mzima hesabu haitupi shida kwa sababu jua letu halina vituko. Hamburg mwezi Juni jua linazama karibu saa tatu usiku. Desemba linachomoza saa mbili na nusu asubuhi na kufikia saa kumi jioni limeshakwenda. Saa ya Kiswahili haifanyi kazi kule. Ndugu yangu mmoja aliyeolewa ughaibuni aliwahi kuniambia kwamba mwaka wake wa kwanza kilichomshinda si baridi, wala upweke anaousema kila mtu. Ni kuamka gizani, kupika chakula cha mchana kwenye mwanga wa magharibi, na kulala hali mwili unakwambia bado siku haijaanza. Alisema, "Nilikuwa kama mtu aliyepoteza kiungo." Nilipokuwa nasoma Salme anavyoulalamikia msimu wa baridi, miti iliyokauka akadhani imekufa, nilimkumbuka.

Sasa turudi kwenye Kiswahili cha Ruete.

Salme alipofika Hamburg hakujua Kijerumani. Wale wawili walizungumza Kiswahili. Fikiria maana yake. Katika mji mzima ule wa bandari, na masoko yake na mahakama zake na makanisa yake, kulikuwa na nyumba moja kando ya Alster ambamo mume akirudi jioni anaulizwa habari za kutwa kwa Kiswahili, na anajibu kwa Kiswahili. Siyo Kiarabu cha ikulu, ambacho Salme alikiandika na kukisoma. Kiswahili, lugha ya soko na ya watumishi na ya watoto, ambayo kwenye ikulu ya Seyyid Said ilikuwa moja tu kati ya lugha nyingi, na si yenye cheo kikubwa. Kule Hamburg ikawa lugha ya chumbani.

Hakuna aliyeandika mazungumzo hayo. Walikuwa wanaitana vipi? Alimwita bwana? Mume wangu? Jina? Alimtania kwa matamshi yake? Mzungu aliyejifunzia Kiswahili kwenye maghala ya karafuu angekuwa na msamiati wa aina fulani: vipimo, bei, matusi ya mapagazi. Maneno ya kumbembeleza mke aliyefiwa na mtoto angeyapata wapi, kama siyo kwa mke mwenyewe? Hapa ndipo ninapoiona ndoa ile, kuliko kwenye mapaa. Mwanamume katika mji wake mwenyewe, kati ya ndugu zake, anaporudi kwake jioni anavuka mlango na kuwa mgeni kidogo, anatafuta neno. Mwanamke ambaye kutwa nzima alikuwa bubu, mlango ukifunguka anarudishiwa ulimi.

Pamoja na hayo, alijifunza Kijerumani, na alijifunza kwa kasi. Yule msichana wa mfupa wa ngamia alikuwa amekwisha kujifundisha hati moja kwa siri. Sasa alijifunza nyingine, ya kutoka kushoto kwenda kulia, mbele ya mwalimu. Watoto nao wakaja, mmoja kila mwaka. Antonie alizaliwa Machi 1868, Rudolph akazaliwa Aprili 1869, na Rosalie Aprili 1870. Walipewa pia majina ya upande wa mama: Thawka, Said, Ghuza. Wake wa Hamburg wakaacha kumshangaa, au wakamzoea, ambayo ni karibu sawa. Nyumba ilikuwa inakaa sawa.

Kabla sijaendelea, lazima niseme jambo ambalo litawaudhi baadhi ya wanaompenda Salme, nami nikiwemo.

Sehemu ya shida yake ya kuendesha nyumba ilitokana na kwamba hakuwahi kuendesha chochote. Kwao moto uliwashwa na watumwa. Maji yaliletwa na watumwa. Kama mtoto alilia usiku, yaya aliyeamka alikuwa mtumwa. Zile kelele nzuri za ua alizozikumbuka sana, watu wanapanda, watu wanashuka, wengi wao walikuwa watu walionunuliwa. Na zile karafuu ambazo kaka na baba yake waliwauzia wafanyabiashara wa Hamburg zilichumwa na mikono hiyohiyo. Katika kumbukumbu zake ana sura nzima juu ya utumwa, na humo anautetea: kwamba watumwa wa Mashariki hawakuteswa kama wa Marekani, kwamba Mwafrika bila kusimamiwa hafanyi kazi, na maneno mengine ambayo Mwafrika yeyote akiyasoma leo atafunga kitabu kwanza, atembee kidogo, ndipo arudi. Hamburg yenyewe mwaka 2019 iliipa jina lake sehemu moja huko Uhlenhorst, na baadaye jina hilo likaondolewa baada ya watu kuyasoma aliyoyaandika.

Mimi simwondoi kwenye rafu. Lakini siwezi pia kumsoma akililia nyumbani bila kujiuliza ni nani alikuwa anafagia hiyo nyumba anayoililia. Kwenye barua zake analalamika, kwa haki, kwamba Wazungu walimwona yeye kama kitu cha kutazamwa. Hakuvuka hatua moja zaidi kumuuliza yaya wake aliyemwacha Unguja alitoka wapi, na alitolewaje kwao. Alijua lugha ya yaya huyo. Ndiyo lugha aliyokuwa anazungumza na mumewe.

Basi. Tuendelee.

Mwezi uleule Salme alipotoroka Unguja, Agosti 1866, Hamburg ilizindua tramu yake ya kwanza ya kuvutwa na farasi. Ilikuwa maendeleo makubwa; magari mazito yanateleza juu ya reli, abiria wanapanda na kushuka. Vijana wenye haraka walizoea kuruka likiwa bado linakwenda. Mwanzoni mwa Agosti 1870, vita vya Prussia na Ufaransa vikiwa ndiyo kwanza vimeanza na magazeti yamejaa habari za majeshi, Ruete aliruka kutoka kwenye tramu, akaanguka, ikamkanyaga. Alifariki tarehe 6 Agosti. Alikuwa na miaka 31.

Salme alikuwa hajatimiza 26. Mtoto mkubwa alikuwa na miaka miwili na miezi, mdogo hajafikisha minne, miezi nasema.

Mengi yamesemwa juu ya umaskini uliofuata. Ni kweli, ulikuwa umaskini. Mali ikaporomoka, urithi wake wa Unguja ukazuiwa, na sheria za Hamburg za wakati ule hazikumruhusu mjane kuwasimamia watoto wake peke yake. Waliwekwa wasimamizi wanaume, na yeye, binti wa mtawala, ikabidi aombe ruhusa juu ya watoto aliowazaa. Mwaka 1872 akahamia Dresden, baadaye Rudolstadt, baadaye Berlin. Akafundisha Kiarabu ili wale.

Lakini mimi naangalia jioni ile ya kwanza baada ya mazishi. Ndani ya nyumba kulikuwa na watoto watatu ambao mkubwa wao ndiyo kwanza anaunga maneno. Hakukuwa tena na mtu wa kujibu. Kiswahili cha nyumba ile kilikuwa na wasemaji wawili, na mmoja amefariki. Lugha za watu zinapokufa huja wataalamu na kinasa sauti wakamtafuta mzee wa mwisho kijijini. Hii ya kwao ilikufa mtaa wa Mandhari Nzuri siku ya kiangazi na hakuna aliyejua, isipokuwa mmoja.

Tangu hapo, mazungumzo yake yote ya maana yanakuwa ya kuandika.

Sasa zile barua. Zimeandikwa kwa rafiki aliyeko Unguja, ambaye jina halitajwi. Anamweleza kila kitu: safari, mji, baridi, karamu, kifo, wasimamizi, watumishi, fedha. Anamwita kwa upole, anamuuliza kama anamfahamu anachosema, anamlinganishia mambo ya huku na ya kule. Ukisoma unamwona huyo rafiki kabisa, amekaa mkekani, anasikiliza.

Ila barua zimeandikwa kwa Kijerumani.

Nilisimama hapo mara ya kwanza. Rafiki gani wa Salme, Unguja ya miaka ile, mwanamke wa nyumbani kwao, angesoma Kijerumani? Hakuna. Barua hazikupelekwa, wala hazikuandikwa ili zipelekwe. Wahakiki wataliita hilo mbinu ya kifasihi, na sawa, ni mbinu. Waandishi wa Ulaya walikuwa wameizoea kwa zaidi ya karne moja kabla yake. Lakini kumbuka aliyekuwa anasikiliza habari zake za kutwa hadi Agosti 1870. Alikuwa Mjerumani aliyezungumza Kiswahili. Anayesikiliza sasa ni Mswahili anayezungumziwa kwa Kijerumani. Siwezi kuthibitisha kwamba ndivyo alivyofikiria. Ninachosema ni kwamba tangu nilipoliona hili, siwezi kuzisoma barua zile kama za rafiki wa kike peke yake. Kuna sehemu ambapo anasimulia kazi za siku, mtoto kaumwa, mtumishi kaniibia, fedha haitoshi, na unasikia kabisa kwamba haya ni mambo ambayo mtu humwambia mumewe akirudi.

Kitabu kilichochapwa, zile kumbukumbu za 1886, ni kitu tofauti. Kile aliwaandikia Wajerumani, ana hoja, anatetea wanawake wa Mashariki, anasahihisha upuuzi uliokuwa unaandikwa juu ya nyumba za kifalme, na anaandika kwa jicho moja kwenye madai yake ya urithi. Mwaka mmoja kabla, Agosti 1885, Wajerumani walikuwa wamemrudisha Unguja kwa meli zao za kivita, siyo kwa kumhurumia bali ili kumtia Barghash shinikizo. Barghash, sasa Sultani, alikataa kumpokea dada yake. Watu wa mitaani walimpokea. Walimzunguka, wakamsalimu, wakamfuata alikopita. Baada ya miaka 15, akaamkiwa kwa lugha yake.

Barua zenyewe hazikuchapwa akiwa hai. Mwanawe Rudolph alizihifadhi pamoja na vitabu na karatasi za familia, mkusanyiko ukaenda Leiden, Uholanzi, na huko ndiko E. van Donzel alikozitoa kwa Kiingereza mwaka 1993, pamoja na tafsiri mpya ya kumbukumbu. Hiyo ndiyo niliyoisoma. Yaani maisha yaliyoishiwa kwa Kiswahili yakaandikwa kwa Kijerumani, nikayapata kwa Kiingereza, nikawa nayarudisha kichwani kwa Kiswahili ukurasa hadi ukurasa, na mara kadhaa nilihisi sentensi inakaa vizuri zaidi huku kuliko kule. Mtu mwenye Kijerumani kizuri na Kiunguja kizuri angetufanyia hisani kubwa akiifanya kazi hiyo sawasawa, kutoka kwenye maandishi ya asili.

Mwisho wa safari yake alikaa Jaffa, kisha Beirut kwa zaidi ya miaka 20, hadi 1914, ndipo akarudi Ujerumani kwa watoto. Hakuolewa tena. Alifariki Jena tarehe 29 Februari 1924 na akapelekwa Hamburg kuzikwa makaburi ya Ohlsdorf, kwenye kiwanja cha familia ya Ruete. Kwenye vitu vyake kulikuwa na kijifuko cha mchanga wa pwani ya Unguja, na wakamzika nacho.